Somo: Kuchora kwa Rangi za Maji Katika Milima ya Usambara



Katika ukurasa huu wa somo tumezoea kuzungumzia vyanzo vya maji, mbuzi wa maziwa, vitalu vya miti na vikundi vya kuweka na kukopa. Safari hii somo letu ni kuchora picha kwa rangi za maji. Tunajua wapo wajumbe wa kamati watakaojiuliza uchoraji unahusiana nini na maendeleo ya parokia, na wapo wafadhili watakaojiuliza kama fedha zao zinakwenda kununua burashi. Maswali hayo ni ya haki, nasi tutayajibu kabla somo halijaisha.

Jibu letu kwa kifupi ni hili: rangi za maji humfundisha mtu kutazama kwa makini mahali anapoishi, na ni vigumu kutunza kitu ambacho hujawahi kukitazama. Somo hili limeandikwa kwa ajili ya wachoraji wa ridhaa, yaani watu wanaochora kwa kupenda baada ya kazi zao: mwalimu mstaafu, mama wa nyumbani, kijana aliyemaliza shule, mkulima siku ya mapumziko. Kamati inaweza kulisoma lote katika kikao kimoja, au kuligawa kwa vikao viwili.

1. Rangi za maji ni nini?

Tuanze kwa kuondoa mkanganyiko. Ukienda duka la vifaa vya ujenzi Lushoto au Mombo na kuomba rangi ya maji, utapewa ndoo ya rangi ya kupaka kuta. Siyo hiyo tunayoizungumzia hapa. Rangi za maji za mchoraji ni unga laini sana wa rangi uliochanganywa na gundi inayoyeyuka katika maji. Gundi hiyo ni utomvu wa mgunga, na nchi inayojulikana zaidi duniani kwa kuuza utomvu huo ni Sudan. Rangi zenyewe huuzwa katika vidonge vikavu, au katika mirija midogo inayofanana na ya dawa ya meno.

Watanzania wengi wakisikia habari za picha za kuchorwa huwaza Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi ya mafuta inayong'aa, ya aina ile inayopakwa baiskeli, juu ya vipande vya silingibodi. Rangi ya namna hiyo hufunika kilicho chini yake. Ukikosea, unangoja ikauke, kisha unapaka nyingine juu.

Rangi za maji hazifuniki. Mwanga hupenya katika rangi, hugonga weupe wa karatasi, kisha hurudi machoni mwetu. Ndiyo sababu picha ya rangi za maji iliyochorwa vizuri huonekana kama ina taa ndani yake. Kutokana na tabia hiyo zinapatikana kanuni tatu ambazo kila anayejifunza lazima azikariri:

Kwanza, weupe haupakwi, huachwa. Ukitaka wingu jeupe, acha karatasi ilivyo mahali pa wingu.

Pili, anza na rangi nyepesi, malizia na nzito. Nyepesi inaweza kuongezwa uzito wakati wowote, lakini nzito hairudi kuwa nyepesi kwa urahisi.

Tatu, maji ndiyo yanayofanya kazi kubwa. Mchoraji huamua kiasi cha maji, mahali pa kuyaweka, na wakati wa kuondoa mkono. Hili la kuondoa mkono ndilo gumu kuliko yote.

2. Waliotutangulia

Mwaka 1503 Mjerumani Albrecht Dürer alichora kwa rangi za maji kipande cha nyasi pori. Hakuchora mfalme wala kanisa, alichora magugu ya kawaida ya kando ya njia pamoja na udongo wake. Picha hiyo imehifadhiwa Vienna, nchini Austria, na zaidi ya miaka 500 baadaye wataalamu wa mimea bado wanaweza kutaja majina ya mimea iliyomo. Hapo tunaona uwezo wa kutazama kwa makini kitu ambacho wengine wanakikanyaga.

Katika Afrika Mashariki rangi za maji zilitumiwa kwanza zaidi na wageni, kwa kuwa zilibebeka safarini. James Augustus Grant, aliyesafiri pamoja na John Hanning Speke kutoka Zanzibar hadi Uganda kati ya mwaka 1860 na 1863, alichora njiani watu, mimea na mandhari. Baadaye Joy Adamson, aliyezaliwa katika nchi ambayo wakati huo ilikuwa Austria-Hungary, alifika Kenya na kuanza kuchora maua mwishoni mwa miaka ya 1930 akiwa mke wa mtaalamu wa mimea Peter Bally. Alianza kwa kujifurahisha tu. Mwaka 1947 chama cha kifalme cha kilimo cha bustani cha Uingereza kilimpa medali ya dhahabu ya Grenfell kwa picha zake za mimea. Wengi wetu tunamjua kwa habari za simba Elsa, lakini burashi ilitangulia simba.

Wenyeji nao hawakukaa nyuma. Mwaka 1937 Margaret Trowell alianza kufundisha uchoraji Makerere, Uganda. Hakuwapa wanafunzi wake picha za Ulaya wazinakili. Aliwasimulia jambo linalohusu maisha yao, nao wakachora kama walivyoliona akilini. Katika shule hiyo walipita Watanzania wawili wa Kilimanjaro. Sam Ntiro alichora watu wa kwao wakifanya kazi kwa pamoja, kama vile kuvuna na kukata miti. Baadaye aliiwakilisha nchi yake London kama balozi. Elimo Njau alichora mwishoni mwa miaka ya 1950 picha kubwa za maisha ya Yesu katika kanisa la Murang'a, Kenya, akaweka matukio hayo katika mandhari ya Wakikuyu. Njau alijulikana kwa kuwakataza wanafunzi wake kunakili. Alisema kunakili humlaza Mungu usingizi. Wote wawili walitumia zaidi aina nyingine za rangi, lakini fundisho lao linamfaa kila mchoraji: chora cha kwenu, kwa macho yako mwenyewe.

Na cha kwetu Usambara ni kipi? Tutoe mfano mmoja. Mwaka 1892 ofisa wa utawala wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, aliona ua dogo la rangi ya urujuani likiota penye kivuli katika eneo la Usambara. Alituma mbegu zake Ujerumani, na mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland wa bustani ya Herrenhausen, Hannover, aliuandika mmea huo kwa jina la Saintpaulia, kwa heshima ya familia ya ofisa yule. Leo ua hilo linapandwa katika vyungu madirishani Ulaya, Marekani na Asia, na kwa Kijerumani bado linaitwa kwa jina la Usambara. Mamilioni ya watu wasioijua Lushoto wanalitambua ua hilo wakiliona. Sisi tunaoishi jirani na miamba linakoota, ni wangapi tumewahi kuinama kulitazama? Ni wangapi tunaweza kulichora bila kuangalia?

3. Vifaa vinavyohitajika

Mchoraji anayeanza hahitaji vitu vingi. Kwa mpangilio wa umuhimu ni hivi:

Karatasi. Hii ndiyo inayoamua mafanikio kuliko rangi. Karatasi ya kudurufu ya gramu 80 kwa mita ya mraba hujikunja mara inapoguswa na maji. Karatasi ya manila inafaa kwa mazoezi ya mwanzo, ingawa haivumilii maji mengi. Karatasi halisi ya rangi za maji ina gramu 300 kwa mita ya mraba, na iliyo bora zaidi hutengenezwa kwa pamba. Si rahisi kuipata katika maduka ya vifaa vya shule ya mji mdogo. Mara nyingi huagizwa kutoka mji mkubwa. Karatasi moja kubwa inaweza kukatwa vipande vinane, na pande zote mbili zikatumika. Ibandike kwenye ubao kwa utepe wa karatasi pande zote nne ili isikunjike.

Burashi. Zinatosha mbili: moja nene ya duara yenye ncha nzuri, na moja bapa pana kiasi cha vidole viwili kwa ajili ya anga. Burashi ioshwe na kulazwa ikauke. Isiachwe imesimama ndani ya kopo la maji, kwa kuwa ncha yake itapinda.

Rangi. Usinunue sanduku la rangi 24. Rangi sita zinatosha: njano ya limau, njano ya udongo, nyekundu, kahawia nyekundu, bluu iliyokoza yenye wekundu kidogo, na bluu inayoelekea kijani. Nyeusi haihitajiki, bluu na kahawia zikichanganywa hutoa kijivu na weusi wenye uhai zaidi.

Vitu vya nyumbani. Sahani nyeupe ya kuchanganyia rangi, makopo mawili ya maji (moja la kuoshea burashi, jingine la maji safi), kitambaa kikuukuu cha pamba, penseli na kifutio.

Rangi ya udongo wa kwetu. Udongo mwekundu wa Usambara unaweza kuwa rangi nzuri sana. Koroga udongo katika ndoo ya maji, ngoja dakika moja mchanga uzame, kisha mimina maji mekundu katika chombo kingine. Rudia mara mbili au tatu. Acha maji hayo yatulie hadi siku ya pili, mwaga yaliyo juu, kausha tope lililobaki na ulisage mpaka liwe laini kama unga. Kisha chukua utomvu mgumu wa mgunga, kama ule unaopatikana katika nyika za upande wa Mkomazi. Kipimo kimoja ukiyeyushe katika vipimo viwili vya maji ya moto, uchuje, na uongeze asali kidogo ili rangi isipasuke ikikauka. Tone la mafuta ya karafuu huzuia ukungu usiote. Changanya na unga wako na uweke katika vizibo vya soda vikauke.

Rangi ya udongo haipauki hata ikikaa miaka mingi, kwa sababu wekundu wake unatokana na kutu ya chuma. Rangi zinazokamuliwa kutoka maua, na hata manjano ya jikoni, hupendeza siku ya kwanza lakini hufifia upesi kwenye mwanga. Wafundishaji wawaeleze watoto jambo hili mapema.

Tahadhari moja: kusiwe na mtu wa kulamba burashi ili kuichonga ncha. Baadhi ya rangi za dukani zina madini yenye sumu.

4. Masomo sita ya kuanzia

Tunashauri kikundi kikutane mara moja kwa wiki kwa saa mbili. Kila somo lirudiwe mpaka mkono uzoee.

Somo la kwanza: rangi moja. Tumia kahawia tu. Chora visanduku vitano mstarini. Cha kwanza kiwe kizito kabisa, cha tano kiwe karibu na weupe, vya kati vishuke taratibu kwa kuongeza maji. Vikikauka mtaona vyote vimekuwa vyepesi kuliko vilivyokuwa vibichi. Ndivyo rangi za maji zilivyo siku zote, kwa hiyo zoeeni kupaka zikiwa nzito kidogo kuliko mnavyotaka.

Somo la pili: anga. Inamisha ubao kidogo kwa kuweka kitabu chini yake. Changanya bluu ya kutosha kabla ya kuanza. Kwa burashi bapa, vuta mstari mmoja kutoka kushoto kwenda kulia. Maji yatajikusanya chini ya mstari. Mstari wa pili uyapokee maji hayo na kuyashusha, hivyo hivyo mpaka chini. Maji yanayobaki mwishoni yanyonywe kwa burashi iliyokamuliwa. Usirudi juu kurekebisha. Anayerudi huku karatasi imekauka nusu hupata madoa yenye kingo kama ua la koliflawa.

Somo la tatu: ukungu. Hapa sisi wa Usambara tumependelewa. Asubuhi za mwezi Juni hadi Agosti ukungu hufunika Magamba, na mwalimu wa ukungu anakuja mwenyewe mlangoni. Lowesha karatasi yote kwa maji safi. Ngoja mpaka mng'aro wa maji uanze kufifia. Kisha gusa kwa burashi yenye rangi nzito mahali penye miti. Rangi itatawanyika yenyewe na kuacha kingo laini, kama mti unaoonekana nusu. Karatasi ikiwa imelowa mno, mti utapotea wote. Ikiwa imekauka, ukungu hautakuwepo. Kumbukeni pia kwamba katika hewa yenye unyevu karatasi huchelewa kukauka. Hapa ndipo subira inapovuta heri.

Somo la nne: milima mitano. Kikundi kiende mahali penye upeo mpana, mfano Irente, kilomita chache kutoka Lushoto mjini, ambapo mlima unakatika ghafla na nyika ya Mazinde na Mkomazi inaonekana mita elfu moja hivi chini. Vilivyo mbali huonekana vyepesi na vyenye ubluu, kwa sababu kati yetu na vyenyewe kuna hewa nyingi inayotawanya mwanga. Pakeni safu ya mbali kabisa kwa bluu nyepesi sana, hadi chini ya karatasi. Ngojeni ikauke kabisa. Pakeni safu ya pili juu yake, nzito kidogo. Endeleeni hadi ya tano, ambayo iwe na kijani na kahawia. Anayengoja kila safu ikauke atapata umbali. Asiyengoja atapata matope.

Somo la tano: kijani na weupe. Anayeanza hupaka kijani kimoja kila mahali, na picha yote huwa kama kabichi. Tokeni nje mkahesabu. Kuna kijani cha mgomba ambacho mwanga unapita ndani yake, cha majani ya chai upande wa Bumbuli, cha mkaratusi chenye kijivu, na cha msitu wa asili chenye weusi. Changanyeni njano mbili na bluu mbili kwa kila namna, mkizima ukali kwa tone la nyekundu. Mkishapata angalau vijani sita, jaribuni maporomoko ya Soni: pakeni mawe na majani pembeni, na maji yenyewe muyaache yawe karatasi tupu. Wengi hushangaa kwamba sehemu iliyo hai zaidi katika picha ni ile ambayo burashi haikugusa.

Somo la sita: jani moja. Kila mtu achukue jani moja lililoanguka, alilaze juu ya karatasi nyeupe na kulichora kwa ukubwa wake halisi kwa saa mbili nzima. Apime kwa rula. Ahesabu mishipa. Atazame ilipoliwa na wadudu, aichore pia. Tuliofanya zoezi hili tunaweza kushuhudia kwamba nusu saa ya kwanza inachosha, na baada ya hapo hutaki kuacha. Wanaoishi jirani na msitu wanaweza kuutafuta ule mmea wa Saintpaulia kwenye miamba yenye kivuli na kuuchora palepale ulipo. Usichumwe wala kung'olewa. Aina zake nyingi ziko hatarini kwa sababu ya ukataji misitu. Kisha waulizeni wazee jina lake la Kishambaa na liandikwe chini ya picha, kwa penseli, pamoja na tarehe na mahali.

5. Mlima uliotazamwa

Sasa turudi kwenye swali la mwanzo: haya yote yanahusiana nini na maendeleo?

Katika miaka ya 1940 na 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima wa bonde la Mlalo kuchimba matuta ili kuzuia mmomonyoko wa udongo. Watu waliupinga mpango huo, nao ukaachwa. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 mradi wa SECAP, wa ushirikiano wa Tanzania na Ujerumani, ulirudia kazi ya kuhifadhi udongo wilayani Lushoto kwa njia ya majani ya malisho, miti na matuta. Historia hiyo inatufundisha kwamba mara nyingi aliyeuona mmomonyoko na kuuandika alikuwa mgeni mwenye ramani, na mwenyeji aliletewa matokeo yakiwa tayari ni amri au ushauri.

Anayekaa saa mbili akichora mlima ulio mbele ya nyumba yake hulazimika kujua mambo ambayo huyapita kila siku. Anaona mistari ya matuta inaishia wapi. Anaona alama nyekundu ya udongo uliobomoka, na huijua vizuri kwa kuwa imembidi kuchanganya wekundu wake. Anaona kwamba kijani cheusi cha msitu kimebaki juu ya kilele tu, na kwamba mshai aliouzoea tangu utotoni haupo. Hakuna aliyemwambia. Ameona mwenyewe, na aliyeona mwenyewe huzungumza kwa namna nyingine katika mkutano wa kijiji.

Wengine watasema simu ya mkononi hupiga picha kwa sekunde moja na haikosei. Ni kweli, na picha za simu zina kazi yake. Lakini simu huona kila kitu bila mwenye simu kuona chochote. Burashi haiwezi kupita mahali ambapo jicho halikupita.

Kwa hiyo tunapendekeza kila kikundi kichague sehemu moja, tuseme ngazi za kanisa au uwanja wa shule, na kuchora mandhari ile ile kutoka hapo mara mbili kwa mwaka: baada ya masika na mwisho wa kiangazi. Picha zihifadhiwe katika jalada la parokia, mbali na unyevu na jua, zikiwa na tarehe. Baada ya miaka 10 parokia itakuwa na kumbukumbu ya mlima wake iliyoandikwa na watu wake.

6. Je, uwe mradi wa kipato?

Kamati nyingi zitauliza: picha hizi zitauzwa wapi? Wageni hupita Lushoto kutembea milimani, na pengine mmoja atanunua picha. Hata hivyo tunashauri kwa moyo wote kwamba kikundi kisianzishwe kwa hesabu hiyo.

Wapo waliofanya sanaa kuwa ajira, na walifanya vizuri. Nyumba ya Sanaa, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1972 na Sista Jean Pruitt wa shirika la Maryknoll, iliwapa vijana wasanii, wakiwemo wenye ulemavu, mahali pa kujifunza na kuuza kazi zao kwa miaka mingi. Lakini ile ilikuwa karakana ya kazi ya kila siku, katika jiji lenye wanunuzi. Kikundi cha watu kumi wanaokutana Jumamosi mchana ni jambo jingine. Kikianza kuchora kwa ajili ya soko, mara wote watachora twiga, na Usambara hakuna twiga.

Kuna sababu nyingine. Watu wetu wamezoea kwamba kila wanapoitwa kwenye kikundi kuna lengo la kutimiza na taarifa ya kujaza. Mkulima amebeba jembe wiki nzima. Mama amebeba kuni, maji na watoto. Saa mbili za kutazama ukungu kwa ajili ya kuutazama tu ni mapumziko ya heshima, na maskini anayahitaji kama tajiri. Wafadhili wengi wanaosoma jarida hili wana mchezo au kazi ya mikono wanayoipenda huko kwao, na hakuna anayewauliza inaingiza kiasi gani. Tunaomba mtazamo huo huo uwahusu na watu wa Lushoto.

Hii haina maana kwamba fedha zitumike bila hesabu. Gharama ya kuanza ni ndogo ikilinganishwa na miradi mingi, na kubwa ndani yake ni karatasi. Kamati iweke orodha ya vifaa, imchague mtunza vifaa, na wanachama wachangie kidogo kidogo ili kikundi kisife msaada ukikoma. Kwa mfadhili anayetaka kusaidia tunasema: msilete masanduku ya rangi nyingi za bei rahisi. Leteni karatasi nzuri ya gramu 300 na burashi chache imara. Udongo tunao.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Je, ni mandhari gani katika parokia yetu ambayo imebadilika sana katika miaka 20 iliyopita? Nani anayo kumbukumbu yake?

2. Ni mimea mingapi ya msitu wetu tunayoweza kuitaja kwa Kishambaa? Nani atawafundisha vijana majina hayo?

3. Ni nani miongoni mwetu, hasa wazee na wastaafu, wana mkono wa kuchora lakini hawajawahi kupewa nafasi?

4. Ni shughuli gani tunazofanya pamoja ambazo hazina lengo la fedha? Je, tunaziheshimu?

5. Tukipata karatasi kumi tu, nani wapewe kwanza, na kwa nini?

Zoezi la kabla ya kikao kijacho: kila mjumbe alete mchoro wa jani moja, hata wa penseli, wenye tarehe na jina la mahali. Uzuri wa mchoro hautapimwa. Itaulizwa tu: umeona nini ambacho ulikuwa hujakiona?